Majibu ya wakimbizi yanapanda mawinguni, mbona hayashuki Kiambi?

Mkimbizi wa ndani katika jimbo la Tanganyika amezoea maswali kuliko mwanafunzi anayengoja Exetat. Watu wangapi wanalala nyumbani? Mlitoka kijiji gani? Mnakula mara ngapi kwa siku? Maji mnachota wapi, na ni mwendo wa dakika ngapi? Kijana mwenye simu anagusa kioo, anasema aksanti, anapanda pikipiki, anaenda zake. Juma mbili hazijaisha, anafika mwingine, shati la rangi nyingine, shirika lingine, na maswali ni karibu yale yale.

Mama aliyekimbia na watoto wanne hujibu, kwa sababu anaogopa kwamba asipojibu jina lake litakosekana kwenye liste ya chakula. Hajui majibu yanaenda wapi. Hajui nani anayaona. Na matokeo yenyewe, yaani ni jamaa ngapi zimeonekana na njaa, ni ngapi hazina bashi ya kujifunika mvua, mara nyingi hayarudi kumfikia.

Kwa wakaaji wa Kiambi, kando ya mto Luvua, na kwa wale walio kwenye site za Kalemie, hilo si jambo dogo. Chakula, dawa na bashi hugawanywa kufuata namba. Namba zinatoka katika majibu. Majibu yanawekwa katika kile ambacho wataalamu wanakiita wingu. Na wingu hilo lina historia ambayo sehemu yake ilianzia katika vita vya huku huku mashariki mwa Congo. Anayeijua historia hiyo ataona jambo moja: watu waliojenga chombo walijifunza kupatana kazini, kila mmoja akijua mwenzake anafanya nini. Wanaokitumia Tanganyika bado hawajajifunza. Na wanaoulizwa maswali hawajaombwa kabisa kusema wanaonaje.

Wingu lenyewe ni kitu gani

Wingu si kitu cha angani. Ni kompyuta kubwa nyingi, zinaitwa seva, zilizowekwa katika majumba yenye umeme wa mchana na usiku, mara nyingi mbali sana na Congo. Zimeunganishwa na intaneti, na mtu yeyote aliyepewa ruhusa anaweza kufanya kazi ndani yake kutoka mahali popote.

Simu ya muulizaji maswali haihitaji mtandao wakati wa kuuliza. Inashika majibu ndani yake hata kama kijiji hakina antena. Muulizaji akifika mahali penye mtandao, simu inayatuma yote kwa mara moja. Kuanzia hapo mtu wa ofisi Kalemie, mtafiti wa Kinshasa na mkubwa wao wa Geneva wanaweza kufungua jedwali moja, wakaona mistari ile ile, wakafanya hesabu pamoja bila kutumiana mafaili.

Kabla ya hapo ilikuwa karatasi. Mafungu ya karatasi yalibebwa juu ya barabara mbovu, mvua ikanyesha, mengine yakaoza, yaliyobaki yakanakiliwa kwa mkono moja moja. Miezi ilipita kabla ya mtu kujua kijiji fulani kina njaa. Kwa hiyo wingu ni jambo jema, na hakuna sababu ya kutamani karatasi zirudi.

Chombo kilichotokana na vita vya huku

Katika miaka ya 2000 watafiti wawili, Phuong Pham na Patrick Vinck, walikuwa wakiwauliza raia maoni yao juu ya vita, haki na amani. Walifanya kazi kaskazini mwa Uganda, ambako vita vya LRA vilikuwa vimewasukuma watu makambini, kisha wakafanya Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ripoti yao juu ya mashariki mwa Congo ilitoka mwaka 2008. Kutokana na kazi hizo walitafuta njia ya kuuliza kwa simu pahali pa karatasi. Chombo chao kikaitwa Kobo, neno la Kiacholi lenye maana ya kuhamisha. Leo KoboToolbox inatumiwa na mashirika ya kiutu duniani kote, na vijana wengi wanaopita kwenye site na simu mkononi wanatumia hiyo.

Lakini Kobo haikuanza na mikono mitupu. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake walianzisha programu ya kukusanya majibu kwa simu iliyoitwa ODK. Mmoja wa wa kwanza kuitumia kwa wingi alikuwa mpango wa AMPATH wa Eldoret, nchini Kenya, ambao wafanyakazi wake walikwenda nyumba kwa nyumba kupima virusi vya Ukimwi. Programu ya simu ya Kobo imejengwa juu ya ile ya ODK.

Huko New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia, watu wengine wakatengeneza formhub, yaani seva ya kupokea majibu yanayotoka kwenye simu. Formhub ikazaa watoto wawili. Kobo ilichukua msimbo wake na kuuendeleza. Ona, kampuni yenye wahandisi Nairobi, nayo ikauchukua na kuuendeleza kwa njia yake. Jina la Ona kila msemaji wa Kiswahili analielewa.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu moja: ni programu huria. Maandishi yake ya ndani, ambayo ndiyo msimbo, yako wazi. Kila mtu ana haki ya kuyasoma, kuyanakili, kuyatengeneza na kuyagawa tena. Hakuna aliyemwiba mwenzake. Seattle ilimwachia New York, New York ikamwachia Nairobi na Kobo.

Salongo ya waandika programu

Kila Mukongomani anajua salongo. Watu wanatoka asubuhi na majembe na mapanga, wanasafisha barabara au wanazibua mfereji. Wote wanajua pia salongo inavyoharibika: hakuna mtu wa kugawa kazi, wawili wanachimba mahali pamoja, upande mwingine hakuna aliyegusa, na jioni maji ya mvua yanaingia nyumbani mwa watu.

Programu huria ni salongo ya watu ambao wengi wao hawajaonana uso kwa uso. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Seattle, mwingine Boston. Wakati mmoja anaamka, mwingine analala. Ili wasichimbane miguu, wamejiwekea desturi.

Desturi ya kwanza: kila kasoro inaandikwa mahali pa wazi, kwa kawaida kwenye ghala la msimbo kama GitHub, ambapo yeyote anaweza kuisoma. Muulizaji wa maswali akiona simu inapoteza picha, anaandika. Mwingine wa nchi nyingine anajibu kwamba kwake pia inatokea. Hakuna kunong'ona ofisini.

Desturi ya pili: hakuna anayebadilisha msimbo mkuu peke yake gizani. Anafanya kwenye nakala yake, kisha anauleta. Walinzi wa msimbo wanausoma mstari kwa mstari, wanaujaribu, wanauliza kwa nini. Ukifaa, unapokewa, usipofaa, unarudishwa pamoja na sababu. Jina la aliyeleta linabaki limeandikwa, na tarehe pia. Hata miaka kumi ikipita, mtu anaweza kujua nani alibadilisha nini na kwa nini.

Desturi ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote: lugha moja ya fomu. ODK, Kobo na Ona wanashindana katika mambo mengine, lakini walikubaliana namna moja ya kuandika maswali ndani ya jedwali la kawaida la Excel. Inaitwa XLSForm. Fomu iliyoandikwa kwa namna hiyo inafunguka kwa wote watatu. Shirika likihama kutoka seva moja kwenda nyingine halianzi upya.

Bila makubaliano hayo, uhuru wa kunakili ungekuwa fujo. Mtu ambaye hapatani na wenzake anaweza kuchukua nakala na kwenda zake, sheria inamruhusu. Lakini anayefanya hivyo analipa bei. Kasoro ikitengenezwa katika nyumba moja, lazima mtu aibebe tengenezo hilo hadi nyumba ya pili. Mlango wa wezi ukizibwa huku, kule unabaki wazi mpaka mtu akumbuke. Kupatana kunachukua muda, mikutano mingi na uvumilivu, na mara nyingi hakuna anayekulipia. Hata hivyo ndiko kunakofanya chombo kidumu.

Jinsi Kenya na Tanzania zilivyoingia

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na zoni ya afya ya Kiambi, moja kati ya zoni 11 za jimbo. Kila mwezi vituo vya afya vinahesabu: malaria ngapi, akina mama wangapi wamejifungua, watoto wangapi wamechanjwa. Hesabu hizo zinatoka kwenye rejista za karatasi, zinafika ofisi kuu ya zoni, na huko zinaingizwa katika programu inayoitwa DHIS2, ambayo wizara ya afya ya Congo inaitumia kwa nchi nzima.

Mizizi ya DHIS2 iko Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, baada ya apartheid kuanguka, wakati nchi ilitaka hesabu moja ya afya kwa watu wote. Leo inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na ni huria pia. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuiweka nchi nzima kwenye seva moja ya pamoja kwa njia ya intaneti. Wilaya hazikuhitaji tena kupeleka mafaili Nairobi. Waliingia wote mahali pamoja.

La kujifunza ni jinsi Oslo inavyofanya kazi na nchi. Katika Tanzania, Uganda, Rwanda na nyingine kuna vikundi vya wataalamu wa hukohuko. Kile cha Tanzania kimekuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vikundi hivyo vinafundisha, vinatengeneza vipande vya programu vinavyofaa nchi yao, na vinapeleka Oslo mahitaji ya wauguzi na wakubwa wa wilaya. Toleo jipya linapoandaliwa, sauti yao iko ndani. Nchi yenye watu wanaojua msimbo inasikilizwa kwa sababu inaleta kazi, haileti malalamiko tu.

Vyuo vya Kenya vimeungana katika KENET, vya Uganda katika RENU. Vinanunua intaneti pamoja na kuwapa watafiti wao seva za pamoja, ili mwalimu asiye na kompyuta kubwa aweze kufanya hesabu kubwa. Vyote viwili viko katika muungano wa UbuntuNet.

Ebola ilionyesha faida

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya Wazungu na kompyuta zao, akumbuke Beni na Butembo. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 walikufa.

Wakati huo wataalamu wa INRB, taasisi inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, walisoma maandishi ya ndani ya virusi vilivyotoka kwa wagonjwa, na kuyalinganisha kwa kutumia Nextstrain, programu huria inayojengwa na watafiti wa Seattle na wa Basel, Uswisi. Kazi ya namna hiyo huonyesha nani ameambukizwa na tawi gani la ugonjwa. Timu ya Daktari Placide Mbala-Kingebeni iligundua kwamba mtu mmoja aliyepona aliugua tena baada ya miezi, na kutoka kwake ukatoka mnyororo wa wagonjwa 91. Bila ulinganisho huo ingedhaniwa kwamba ugonjwa umeletwa upya kutoka nje, au kwamba watu wanaficha jambo.

Hapo Mukongomani hakuwa mtu wa kutoa damu tu. Alikuwa mtafiti, ndani ya mazingira yale yale ya kazi pamoja na mwenzake wa Marekani, akiona jedwali lile lile. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hapa kwetu kasoro iko wapi

Sasa turudi Tanganyika. Tangu mzozo wa Wabatwa na Waluba ulipopamba moto mwaka 2016 na 2017, jimbo hili limehesabiwa na kuhesabiwa tena. Wengine wamekimbia kutoka Nyunzu na Manono, wengine kutoka Pweto, wengine wamefika kwa ziwa kutoka upande wa Uvira. Kila wimbi la wakimbizi linaleta wimbi la waulizaji.

OCHA ina kazi ya kuunganisha mashirika, na mikutano ya kila sekta inafanyika: chakula, maji, afya, ulinzi. Lakini mtu wa site anaona matokeo kwa macho yake. Shirika la maji linauliza idadi ya watu wa nyumba. La chakula linauliza tena. La shule linauliza tena. Kila moja lina jedwali lake ndani ya wingu, na jedwali la mmoja mwingine halioni. Na wote wanatumia chombo kile kile, pengine seva ile ile.

Waandika programu wa Seattle, New York na Nairobi, wanaotenganishwa na bahari, walikubaliana lugha moja ya fomu. Kwa nini mashirika ambayo ofisi zake ziko katika mji mmoja wa Kalemie yashindwe kukubaliana orodha moja ya maswali ya mwanzo: jina la kijiji, idadi ya watu, umri, siku ya kufika? Haihitaji mashine mpya. Inahitaji mtu wa kuandika orodha, wengine waisome, waisahihishe, waikubali, na kisha kila mmoja aheshimu. Ni salongo tu.

Kuna watakaosema: majibu ya wakimbizi ni siri, hayawezi kugawiwa ovyo. Wana haki, na hapa lazima mtu atenganishe vitu viwili. Msimbo kuwa wazi si majibu kuwa wazi. Jiko la hoteli linaweza kuonekana na wote bila mteja kutangazwa alichokula. Katika jimbo ambako watu wameuawa kwa sababu ya kabila, liste yenye majina, kabila na mahali pa kulala ikianguka mikononi mwa watu wabaya ni hatari kuliko panga. Majina yafungwe, na wanaoyaona wawe wachache wanaojulikana. Lakini hesabu isiyo na majina, kwamba katika site fulani jamaa nusu zinakula mara moja kwa siku, haina siri ya kulinda. Siri isiwe kisingizio cha kutorudisha matokeo.

Wengine watasema: mashirika yana haraka, pesa ni kidogo, hakuna muda wa kupatana. Jibu ni kwamba kuuliza mara tano kunakula pesa kuliko kuuliza mara moja. Petroli ya pikipiki inalipwa mara tano, posho ya waulizaji mara tano. Na mtu aliyechoka na maswali anaanza kujibu ili amalize. Anaongeza watoto, anapunguza chakula. Namba zinaharibika, na msaada unapotea njia.

Taa ikizimwa huko mbali

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa mwaka 1985 kutoa tahadhari ya njaa kabla haijafika, ukasimama, na ukurasa wake kwenye intaneti ukazimika. Data za miaka mingi zilizotumiwa na watafiti wa nchi nyingi hazikuonekana tena mahali pake. Baadaye mwaka huo ulianza kurudi, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa: mazingira ya pamoja yanayotegemea mlipaji mmoja yanaweza kuzimwa siku moja, kwa uamuzi wa mtu ambaye hajawahi kusikia jina la Luvua.

Programu huria haiondoi hatari hiyo yote. Seva ina umeme wa kulipia, ina watu wa kuilinda. Lakini msimbo ukiwa wazi, mwingine anaweza kuwasha taa tena mahali pengine, mradi tu awepo mtu anayejua na awepo mwenye nakala. Hapo ndipo Congo ya mashariki bado dhaifu. Chombo kilizaliwa kutokana na mateso ya huku, lakini walinzi wake wako mbali. Chuo Kikuu cha Kalemie na kile cha Lubumbashi vina vijana wanaosoma informatiki. Kijana anaweza kuanza na jambo dogo: kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, au kuandika kasoro anayoiona kwenye simu ya bei rahisi. Baada ya mwaka anakuwa mtu anayejulikana na walinzi wa msimbo. Ndivyo wengine walivyoanza.

Yanayofaa kufanyika

Mashirika yanayofanya kazi Tanganyika yakubali orodha moja ya maswali ya msingi, na kabla ya kutuma waulizaji kwenye site, kwanza yaangalie kama mwingine hajauliza tayari. Anayetaka kuongeza swali alete sababu mbele ya wenzake, kama mwandika programu anavyoleta mabadiliko yake.

Matokeo yarudi. Mwezi mmoja baada ya kuuliza, kamati ya site, chifu wa kijiji na ma-RECO wapate karatasi moja ya namba, na redio za hapa zizisome kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Kama namba ni mbaya, wakaaji watasema. Huo ndio usomaji wa mstari kwa mstari ambao chombo chenyewe kinauishi.

Serikali ya jimbo na ofisi ya afya ziombe nakala za hesabu zisizo na majina, ziziweke mahali ambapo vyuo vya hapa vinaweza kuzifanyia kazi. Na vyuo visingoje kualikwa. Msimbo uko wazi usiku na mchana, na kuusoma hakulipiwi chochote zaidi ya intaneti.

Wakimbizi nao wana la kufanya. Kabla ya kujibu, kila mtu ana haki ya kuuliza maswali matatu. Unatumwa na nani? Majibu yangu yatawekwa wapi, na nani atayaona? Matokeo yatarudi lini, na kwa njia gani? Muulizaji mzuri atayajibu bila kukasirika. Asiyeweza kujibu arudi kwa mkubwa wake akaulize kwanza. Na mtu akikataa kujibu, asiadhibiwe kwa kukatwa kwenye liste. Ridhaa inayotolewa kwa hofu si ridhaa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Waliojenga wingu hili walilielewa neno hilo, wakaunganisha mikono kutoka pande zote za dunia, na Nairobi na Dar es Salaam zikatia mikono yao. Jamaa za Kiambi zimetoa majibu kwa miaka mingi. Sasa ni zamu ya wenye kuuliza kupatana wao kwa wao, na kurudi na namba mkononi.